Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Gavana Chris Christie, handaki la Hudson na hasira ya abiria wa New Jersey

Anayehamia Newark, Jersey City au Elizabeth na kupata kazi ng'ambo ya mto, Manhattan, hachukui muda mrefu kuanza kuuliza. Kwa nini jimbo tajiri namna hii linavuka mto kwa mahandaki mawili ya reli ya mwaka 1910? Nani aliamua mengine yasichimbwe? Na wananchi walimfanyaje? Maswali hayo na ndugu zake yamejibiwa hapa chini. Mwandishi ana msimamo na hataficha: pesa ambayo Gavana Christie alisema ameiokoa mwaka 2010 kwa kufuta handaki jipya haikuokolewa. Iliahirishwa, na anayeilipa ni abiria.

Gavana wa jimbo la Marekani ni sawa na gavana wa kaunti wa Kenya?

Jina ni moja, kazi ni mbalimbali. Gavana wa kaunti anasimamia yale yaliyogatuliwa tangu 2013, kama vile afya, masoko na barabara za ndani ya kaunti. Reli ya SGR ni ya serikali ya kitaifa, na hakuna gavana wa Kenya anayeweza kuifuta kwa kalamu yake. Tanzania ni mbali zaidi, maana mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais na hana wapiga kura wa kuwaomba chochote.

Gavana wa jimbo la Marekani anaongoza serikali kamili yenye bajeti, kodi, mahakama, magereza na polisi wake. Wa New Jersey ana nguvu kuwazidi wengi. Yeye na naibu wake ndio pekee wanaochaguliwa na jimbo zima kwenye serikali hiyo. Mwanasheria mkuu, waendesha mashtaka wa kaunti na majaji anawateua yeye, kwa idhini ya seneti ya jimbo. Bajeti ikimfikia mezani anaweza kufyeka mstari mmoja mmoja na kutia sahihi iliyobaki. Muhula ni miaka 4, na hawezi kupita mihula 2 mfululizo.

Chris Christie, wa chama cha Republican, alimshinda Gavana Jon Corzine wa Democratic Novemba 2009, akaapishwa Januari 2010 na kuondoka Januari 2018.

Treni hizi ni za nani hasa?

Hapa wengi hupotea njia, na wanasiasa wanajua hivyo.

Treni na mabasi mengi ya jimbo yanaendeshwa na NJ Transit, shirika la umma lililoundwa 1979. Bodi yake inateuliwa na gavana, na gavana anaweza kukataa mihutasari ya vikao vyake, yaani kufuta kilichoamuliwa. Lakini mahandaki ya Hudson, njia kuu ya reli kuelekea New York na kituo cha Penn Station cha Manhattan ni mali ya Amtrak, shirika la reli la taifa. Halafu ipo Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey, ya tangu 1921, yenye viwanja vya ndege, madaraja na mahandaki ya magari, pamoja na PATH, treni za mjini zinazovuka kwenda Manhattan kwa mahandaki yake zenyewe. Makamishna wake ni 12, kila gavana akiteua 6.

Kwa hiyo waya ukikatika saa moja na nusu asubuhi, kila mkubwa ana wa kumnyooshea kidole. Pamoja na hayo yote, gavana ndiye mwenye mkono ndani ya mashirika mawili kati ya hayo matatu.

Mahandaki ya zamani yana tatizo gani?

Ni mawili, kila moja lina reli moja. Yalifunguliwa 1910 na kampuni ya Pennsylvania Railroad, wakati ambapo watu wa Manhattan bado walipishana na farasi barabarani. Saa za msongamano hupita treni zipatazo 24 kwa saa kila upande, na hapo hakuna nafasi ya kuongeza hata moja.

Ukarabati ndio mtihani mkubwa. Ukifunga handaki moja, treni za kwenda na za kurudi zinabaki zikisubiriana katika lile jingine, na zinaweza kushuka hadi 6 tu kwa saa. Ndiyo maana kwa miaka mingi mafundi wameyashughulikia usiku na mwisho wa wiki, kwa vipande vipande.

Tarehe 29 Oktoba 2012 kimbunga Sandy kikaingiza maji ya bahari humo. Maji yakatolewa, chumvi ikabaki. Imeendelea kuila zege na kuharibu nyaya za umeme tangu siku hiyo.

Mradi wa ARC ulikuwa upi?

Upembuzi wake ulianza 1995. Baada ya miaka 14 ya makaratasi, Juni 2009 Gavana Corzine alizindua ujenzi huko North Bergen, kwenye barabara ya Tonnelle. Mpango ulikuwa kuchimba mahandaki mawili mapya chini ya mto Hudson na kujenga kituo kipya ardhini, chini ya mtaa wa 34 wa Manhattan. Treni za saa za msongamano zingeongezeka kutoka 23 hadi 48 kwa saa. Kazi ilitarajiwa kwisha 2018.

Gharama iliyotangazwa ilikuwa dola bilioni 8.7. Serikali ya shirikisho ingetoa bilioni 3, Mamlaka ya Bandari bilioni 3, na New Jersey bilioni 2.7.

Haukuwa mradi usio na doa. Kituo kile kingekuwa kirefu mno kwenda chini, na njia zake zingeishia hapo hapo bila kuungana na Penn Station, kwa hiyo Amtrak isingefaidika nacho. Hata watetezi wakubwa wa reli walilalamikia jambo hilo. Christie naye akawa anaudhihaki kuwa ni handaki la kumpeleka mtu kwenye ghala la chini la duka la Macy's.

Kwa nini Christie aliufuta?

Alitangaza tarehe 7 Oktoba 2010 kwamba anausimamisha. Waziri wa uchukuzi wa Marekani, Ray LaHood, akamwomba autazame upya, yakafuata majuma mawili ya mazungumzo, kisha tarehe 27 Oktoba akaufuta moja kwa moja.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka, na hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake. Alisema gharama itafika bilioni 11, pengine 14. Ziada yote ingeangukia New Jersey, kwa maana mkataba na serikali ya shirikisho uliweka kikomo kwa upande wa shirikisho tu. Jimbo lilikuwa na upungufu wa bajeti uliokadiriwa kufika karibu dola bilioni 11. Asingewatilia sahihi wananchi wake hundi ambayo kiasi hakijaandikwa.

Mtu aliyepoteza kazi katika msukosuko wa uchumi wa 2008 akisikia maneno hayo, anaona amepata gavana anayejua kuhesabu. Tusiwadharau waliomwamini.

Je, hesabu zake zilikuwa za kweli?

Kwa sehemu. Na sehemu isiyo ya kweli ndiyo iliyobeba uamuzi.

Seneta Frank Lautenberg wa New Jersey aliomba ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, iitwayo GAO, ichunguze. Ripoti ilitoka Aprili 2012. Christie alikuwa amesema New Jersey ingebeba asilimia 70 ya gharama. Wakaguzi walipata asilimia 14.4. Alikuwa amezungumza kana kwamba makadirio yameruka ghafla. Wakaguzi walikuta kwamba makadirio ya juu yalijulikana muda mrefu kabla ya tangazo lake, na kwamba maofisa wa uchukuzi wa jimbo lake mwenyewe walisema gharama isingezidi bilioni 10.

Pengo kati ya 70 na 14.4 linatokana na namna ya kuhesabu. Upande wa gavana ulichukua pesa za Mamlaka ya Bandari na fungu la pesa za shirikisho, lililokuwa ndani ya zile bilioni 2.7, ambalo jimbo lingeweza kulitumia barabarani, ukaziita zote pesa za New Jersey. Ni hesabu inayoweza kutetewa mbele ya wahasibu, si mbele ya mwananchi ambaye hakuelezwa imefanywaje. Anayemwambia mlipa kodi kwamba atabeba saba katika kila kumi anamwogopesha, na mtu aliyeogopa haulizi swali la pili.

Kuhusu ziada ya gharama, hofu yake ilikuwa na msingi, nami nitairudia chini. Ila dawa ya hofu hiyo ilikuwa kurudi mezani. LaHood alileta mapendekezo kadhaa ya kugawana mzigo. Yalikataliwa yote.

Ni kweli jimbo lilitakiwa kurudisha pesa za shirikisho?

Ndiyo. Washington ilidai dola milioni 271 zilizokwisha kutumika. Baada ya mvutano wa wanasheria, mwaka 2011 New Jersey ilikubali kulipa milioni 95. Ililipa kwa ajili ya shimo lililofukiwa.

Na zile pesa zilizobaki zilikwenda wapi?

Barabarani, nyingi. New Jersey ina mfuko maalum wa uchukuzi unaolipia barabara, madaraja na reli, na ulikuwa unakauka kwa sababu kodi ya mafuta, senti 14.5 kwa galoni, haikuwa imeguswa tangu 1988. Christie aliahidi hataipandisha. Kufuta ARC kulimpa pesa ya kutimiza ahadi hiyo kwa miaka michache.

Kisa cha Pulaski Skyway kinaeleza zaidi kuliko hotuba yoyote. Ni barabara ya juu ya mwaka 1932 kati ya Newark na Jersey City, na kweli ilikuwa imechakaa. Mwaka 2011 Mamlaka ya Bandari ilikubali kutoa dola bilioni 1.8 kwa barabara hiyo na nyingine za New Jersey. Tatizo ni kwamba barabara hiyo si mali yake, na sheria inaibana juu ya mahali pa kutumia fedha. Ikatafutwa njia: ikaandikwa kuwa ni barabara ya kuingilia Lincoln Tunnel, ilhali haiungani nalo. Walionunua hati fungani hawakuelezwa hatari hiyo ya kisheria. Januari 2017 tume inayosimamia masoko ya hisa na hati fungani ya Marekani iliitoza Mamlaka faini ya dola 400,000, na Mamlaka ikakiri kosa.

Barabara ilihitaji ukarabati, hilo halina ubishi. Lakini pesa iliyotengwa kwa handaki la reli litakalodumu miaka 100 ikakarabati barabara ambayo magari yataichosha tena.

Bila shaka wananchi walimkasirikia papo hapo?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawaliamini wakilisikia mara ya kwanza. Tafiti za maoni za mwisho wa 2010 zilionyesha wengi New Jersey wanaunga mkono uamuzi ule. Ulimpa jina nchi nzima: gavana asiyetishika, anayekata matumizi. Lautenberg aliuita miongoni mwa makosa makubwa ya kisera katika historia ya jimbo, lakini sauti yake ilimezwa.

Baada ya Sandy sifa zikapanda zaidi. Christie alionekana kila mahali na koti lake la kuzuia upepo, akimpokea Rais Obama wiki moja kabla ya uchaguzi wa rais, akiwafariji waliopoteza nyumba. Tafiti zilimpa zaidi ya asilimia 70. Novemba 2013 alichaguliwa tena kwa asilimia 60 ya kura, katika jimbo lenye Democrats wengi kuliko Republicans.

Abiria wa 2013 hakuwa na handaki la kuliona halipo. Lingefunguliwa 2018. Jengo lililobomolewa linaacha kifusi, na mtu akipita huuliza kulikoni. Treni ambayo haijaja haiachi alama yoyote.

Nauli na ruzuku vilikwendaje katika miaka hiyo?

Hili linastahili nafasi kuliko hata handaki, kwa sababu ndilo lililomgusa mtu mfukoni kila mwezi.

Hakuna usafiri wa umma wa jiji kubwa Marekani unaojiendesha kwa nauli peke yake. Jimbo hutoa ruzuku. Mwaka 2009 ruzuku ya moja kwa moja ya New Jersey kwa NJ Transit ilikuwa dola milioni 348. Kufikia 2016 ilishuka hadi milioni 33 hivi. Zaidi ya tisa katika kila kumi zilitoweka.

Shirika halikufungwa, basi pengo lilizibwaje? Kwanza kwa nauli. Mwaka 2010 nauli ya treni ilipanda kwa takriban asilimia 25, na punguzo la wanaosafiri nje ya saa za msongamano likaondolewa. Mwaka 2015 ikapanda tena kwa karibu asilimia 9. Pili, kwa kuchota mifuko mingine: pesa za barabara za kulipia, pesa za nishati safi. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, fedha za maendeleo, zile za kununulia mabehewa na kubadilishia mitambo, zilihamishiwa mishahara na umeme wa kila siku. Ni sawa na mkulima anayekula mbegu. Mwaka wa kwanza nyumba inashiba.

Ukija mwaka wa tano au wa sita, mabehewa yanaharibika njiani, madereva wa treni waliostaafu hawajapatiwa warithi, na safari zinafutwa asubuhi kwa kukosa mtu wa kuendesha. Dereva wa treni hafundishwi kwa wiki mbili. Kilichokatwa 2011 kilionekana 2016 hadi 2018.

Tazama pia nani aliyekingwa. Mwenye gari alilipa senti zilezile 14.5 kwa galoni miaka yote hiyo. Mwenye tiketi ya mwezi, ambaye mara nyingi ni mlezi wa wazee, mfagizi wa ofisi au karani, alipandishiwa mara mbili. Kodi haikupanda, ni kweli. Nauli ni kitu gani, kama si kodi ya asiye na gari?

Sandy iliharibu nini kingine?

NJ Transit iliegesha vichwa vya treni na mabehewa katika karakana yake ya eneo la Meadowlands, iliyoko bondeni, na maji yakayafikia. Vifaa zaidi ya 300 viliharibika, kwa hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Huo ulikuwa uamuzi wa wasimamizi na si wa bajeti, lakini ulikuta shirika ambalo tayari halina akiba.

Ajali ya Hoboken ilitokana na kukatwa kwa pesa?

Watu huiunganisha hivyo, na inafaa kuwa waangalifu. Tarehe 29 Septemba 2016 treni iliingia kituo cha Hoboken bila kusimama, ikamuua mwanamke mmoja aliyekuwa kituoni na kujeruhi zaidi ya watu 100. Wachunguzi wa taifa walikuta dereva alikuwa na ugonjwa wa kukatikiwa pumzi usingizini ambao haukuwa umegunduliwa. Hakukuwa na mtambo wa kuisimamisha treni yenyewe pale mwishoni mwa njia. Hasira ya umma ilikuwa kubwa na ya haki, ila kusema bajeti ya gavana ndiyo iliyoua ni kusema zaidi ya ushahidi.

Kisa cha daraja la Fort Lee kinahusianaje na haya?

Septemba 2013, kwa siku nne za kazi kuanzia tarehe 9, njia mbili kati ya tatu za kuingilia daraja la George Washington kutoka mji wa Fort Lee zilifungwa. Foleni ilikaba mji mzima, mabasi ya shule na magari ya wagonjwa yakiwemo. Ilisemwa ni utafiti wa msongamano. Januari 2014 barua pepe zikavuja. Msaidizi wa gavana, Bridget Anne Kelly, alikuwa amemwandikia ofisa wa Mamlaka ya Bandari, David Wildstein, kwamba ni wakati wa Fort Lee kupata matatizo ya foleni. Meya wa mji huo hakuwa amemuunga mkono Christie katika uchaguzi.

Wildstein alikiri makosa. Kelly na Bill Baroni, mkubwa wa Wildstein katika Mamlaka ya Bandari, walitiwa hatiani 2016, lakini Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha hukumu kwa kauli moja: majaji walisema yalikuwa matumizi mabaya ya madaraka, ila hayakuwa wizi wa mali kama sheria ile inavyotaka. Christie hakushtakiwa, na siku zote amekana kuwa alijua mpango huo.

Uhusiano wake na handaki ni Mamlaka ya Bandari. Chombo kilekile kilichochotwa kwa Pulaski Skyway kikatumika kuwaadhibu wakazi wa mji mmoja. Watu wakaanza kuyatazama upya yale waliyoyapigia makofi.

Kodi ya mafuta ilipanda hatimaye?

Ilipanda, na mikononi mwa yuleyule aliyeapa. Katikati ya 2016 mfuko wa uchukuzi uliishiwa. Julai Christie aliamuru kazi za barabara na reli zisizo za dharura zisimame, na wakandarasi wakakaa bila kazi hadi Oktoba. Muafaka ukapatikana: senti 23 ziliongezwa kuanzia 1 Novemba 2016, na kwa upande wa pili kodi ya mauzo ikashushwa kutoka asilimia 7 hadi 6.625, na kodi ya mali iliyoachwa na marehemu ikafutwa kwa awamu.

Dawa ya deni ni kulipa. Ila anayelipa kwa awamu ya mwisho, baada ya kila kitu kuchakaa, hulipia pia kuchakaa.

Nasikia alifika asilimia 15. Maana yake nini?

Juni 2017 utafiti wa chuo kikuu cha Quinnipiac ulionyesha asilimia 15 ya wapiga kura wa New Jersey wanaridhika na kazi yake na 81 hawaridhiki. Quinnipiac walisema ni kiwango cha chini kuliko cha gavana yeyote wa jimbo lolote waliowahi kulipima katika zaidi ya miaka 20.

Swali linaloulizwa ni kama unakubali namna anavyofanya kazi yake. Halimpimi kama unampenda. Wanaopigiwa simu huwa kama elfu moja, wamechaguliwa kwa bahati nasibu, na matokeo yanaweza kupotoka kwa pointi chache huku au kule. Kwenye 52 dhidi ya 48 kupotoka huko ni jambo kubwa. Kwenye 15 dhidi ya 81 hakubadilishi kitu.

Wiki chache baadaye, serikali ya jimbo ikiwa imefungwa kwa ugomvi wa bajeti na ufuo wa Island Beach ukiwa umezuiwa kwa umma, alipigwa picha kutoka angani akiwa ameketi hapo na familia yake. Picha ile ilienea dunia nzima.

Kwa hiyo ni treni zilizomwangusha?

Si treni peke yake. Mambo ya Fort Lee yalimpunguzia zaidi. Kisha aligombea urais na kuwa nje ya jimbo kwa sehemu kubwa ya 2015, akamuunga mkono Donald Trump Februari 2016, akagombana na walimu na wafanyakazi wa serikali juu ya pensheni, na alama ya mikopo ya jimbo ikashushwa mara baada ya mara. Anayekwambia kila pointi ilipotea kituoni anakudanganya.

Lakini treni ndizo zilizoyapa yote hayo sura ya kila siku. Kashfa unaisoma na kuisahau. Treni ya 7:14 unaisubiri kesho tena. Majira ya joto ya 2017, baada ya treni mbili kuacha reli Penn Station Machi na Aprili, Amtrak ilifunga baadhi ya njia kwa ukarabati wa wiki nyingi. Reli zile zilikuwa za Amtrak na si za gavana, na Christie alisema hivyo kwa sauti kubwa. Waliokuwa wamesimama wamebanana hawakuwa na subira ya ufafanuzi huo kutoka kwa mtu aliyefuta handaki.

Je, jimbo halina njia ya kumwondoa gavana kabla ya muda?

Ipo. Tangu 1993 katiba ya New Jersey inaruhusu wapiga kura kumrudisha nyumbani kiongozi wao, lakini zinahitajika saini za robo ya wapiga kura wote walioandikishwa. Kwa gavana ni zaidi ya milioni moja. Haijawahi kufanikiwa kwa gavana yeyote wa jimbo hilo. Watu walingoja uchaguzi: Novemba 2017 Phil Murphy wa Democratic alimshinda Kim Guadagno, aliyekuwa naibu wa Christie.

Wanaopinga matumizi makubwa ya reli hawana hoja kabisa?

Wanayo, na watetezi wa reli wanajidhuru wanapoikwepa. Kuchimba chini ya New York ni ghali kupita kiasi. Upande wa pili wa Manhattan, mradi wa kuzipeleka treni za Long Island hadi Grand Central ulifunguliwa Januari 2023, umechelewa zaidi ya miaka kumi na umegharimu takriban dola bilioni 11, mara kadhaa ya makadirio ya awali. Christie hakuota ziada ya gharama ya ARC.

Wapo pia wanaosema wengi wa abiria maskini wa New Jersey wanapanda basi, na bilioni moja kwenye mabasi ingewafikia kesho asubuhi. Ni hoja nzito kuliko ile ya kodi, na sijawahi kusikia jibu lake zuri kutoka kwa wanasiasa wa pande zote mbili.

Ila kusubiri nako kuna bei. ARC ilikuwa bilioni 8.7. Handaki linalojengwa sasa, pamoja na kukarabati yale ya 1910, linakadiriwa kugharimu bilioni 16, nalo halina hata kile kituo kipya.

Handaki jipya limefikia wapi?

Amtrak ilitangaza mpango wa Gateway Februari 2011, kabla haijatimia miezi minne tangu ARC kufutwa. Christie mwenyewe aliuunga mkono baadaye, na mwaka 2015 yeye na Gavana Andrew Cuomo wa New York walikubali majimbo yao yabebe nusu ya gharama. Ulikwama kwa miaka mingi Washington. Julai 2024 mkataba wa ruzuku ya shirikisho ya dola bilioni 6.88 ulisainiwa. Handaki jipya limepangiwa kufunguliwa 2035, na ya zamani kukarabatiwa hadi 2038. Oktoba 2025 serikali ya Rais Trump ilitangaza kuzuia takriban dola bilioni 18 za Gateway na za njia ya treni ya chini ya ardhi ya Second Avenue, New York, na mvutano ukaanza upya.

Murphy alirekebisha mambo?

Aliongeza ruzuku na kuajiri madereva wa treni. Mwaka 2024 alipitisha tozo ya asilimia 2.5 kwa kampuni zenye faida inayozidi dola milioni 10, fedha zake zikienda NJ Transit. Mwaka huohuo nauli ilipanda kwa asilimia 15, na ikapangwa iongezeke asilimia 3 kila mwaka. Mei 2025 madereva wa treni waligoma kwa siku tatu, mgomo wa kwanza wa treni jimboni tangu 1983. Mikie Sherrill, pia wa Democratic, alichaguliwa kumrithi Novemba 2025.

Nitajuaje gavana anafanya nini na pesa za usafiri kabla nauli haijapanda?

Mwaka wa fedha wa New Jersey unaanza 1 Julai. Gavana huwasilisha bajeti mwishoni mwa majira ya baridi, na lazima iwe imesainiwa ifikapo 30 Juni. Tafuta mistari miwili: ruzuku ya uendeshaji ya NJ Transit, na kiasi kinachohamishwa kutoka fedha za maendeleo kwenda uendeshaji. Mstari wa pili ukikua, hesabu miaka mitano. Kabla ya nauli kupandishwa lazima kuwe na vikao vya wazi vya kuwasikiliza wananchi, na huhitaji uraia ili kusimama na kusema.

Kuna mahali mtu anaweza kuona kazi ya handaki jipya kwa macho?

Nenda North Bergen, barabara ya Tonnelle. Kazi ya handaki la Gateway ilizinduliwa hapo Novemba 2023. Ni palepale Corzine alipozindua ARC mwaka 2009.